Kufua, kudeki, kupiga pasi: masikio yako unayapa nini?

Mkazi wa Nzuguni:

Wakuu, habari za Jumamosi. Wakubwa wote shikamooni.

Leo nataka tuongelee jambo tunalolifanya kila siku bila kulifikiria. Unapofua, unapodeki, unapochambua mboga au kupiga pasi, unasikiliza nini? Wengi tunawasha chochote kilicho karibu. Redio ikikamata, sawa. Simu ikiwa na bando, sawa. Mimi nina msimamo na nitautetea hapa: kazi ndiyo inayotakiwa kuchagua sauti. Zisipoendana, kazi ya saa moja inakula saa mbili, na kipindi kizuri nacho kinapita hujaambulia kitu.

Chukua kufua. Huku kwetu Dodoma mitaa mingi maji ni ya chumvi, sabuni inagoma kutoa povu, kwa hiyo nguo inataka kufikichwa kweli kweli. Mikono inakwenda kwa mapigo: fikicha, geuza, fikicha, kamua. Hapo ukiweka mjadala wa siasa utajikuta umesimama na shati mkononi unasubiri mtu amalize hoja yake, na ukirudi kusuuza, kelele za maji zinameza maneno. Kufua kunataka muziki wenye mapigo yanayoeleweka. Chaguo langu ni rhumba na dansi la zamani. Gitaa la solo likianza kuchombeza pale mwishoni, mashuka mawili yanaisha mgongo haujalalamika. Na tusisahau kwamba hazina nyingine ni ya hapa hapa: Patrick Balisidya wa Afro 70 alikuwa mtoto wa Mvumi, na bendi yake ilikwenda kuiwakilisha Tanzania kwenye FESTAC, lile tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi, kule Lagos mwaka 1977. Mtu wa Dodoma anayefua miaka yote bila kumsikiliza Balisidya anajinyima.

Hili la mapigo wataalamu wamelifanyia kazi. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, amechunguza muziki na mazoezi ya mwili kwa miaka mingi, na mojawapo ya anayoyaeleza ni kwamba muziki ukienda sambamba na mwendo wa mwili, mtu huiona kazi nyepesi kuliko ilivyo. Waingereza walishalitumia hilo wakati wa vita. Juni 1940 BBC ilianzisha kipindi cha muziki kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, kikadumu hewani hadi 1967. Lakini bibi zetu walilijua kabla ya redio kuwapo. Wanawake wawili wakitwanga uwele kwenye kinu kimoja, wimbo ndio unaopanga zamu. Mmoja akipoteza mapigo, michi inagongana.

Sasa njoo kwenye kazi za kukaa. Kuchambua mchele, kumenya karanga, kuchambua mlenda, kukunja nguo, kupiga pasi sare za watoto Jumapili jioni. Hizi mikono inazijua yenyewe, kichwa kinabaki hakina shughuli, na kichwa kisicho na shughuli ndicho kinachoanza kukumbuka madeni. Hapo ndipo mahali pa maneno: mchezo wa redio, simulizi, mahojiano, mawaidha, taarifa ya habari. Kule Havana, Cuba, tangu 1865 viwanda vya sigara vimekuwa na msomaji anayekaa mahali pa juu na kuwasomea wafanyakazi magazeti na riwaya huku wao wakisokota tumbaku. Hapo zamani waliomlipa msomaji ni wafanyakazi wenyewe, kwa kuchangishana kutoka kwenye ujira wao. Watu wenye kipato kidogo walitoa hela yao mfukoni ili wasomewe riwaya wakiwa kazini. Nikikaa na ungo wa karanga nawaelewa kabisa.

Na sisi watu wa Dodoma tuna historia ya pekee na michezo ya redio, ambayo vijana wengi hawaijui. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, ule mchezo wa kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na Ukimwi, wenye yule dereva wa lori anayeitwa Mkwaju. Sehemu kubwa ya nchi ilisikiliza. Dodoma hatukurushiwa. Hadi 1995 kituo cha hapa kiliwekewa vipindi vingine kwa makusudi, ili watafiti wawalinganishe waliousikia na wasiousikia. Baadaye ndipo nasi tukafunguliwa. Walichokikuta ni kwamba kule ulikosikika, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kuliko huku. Hebu litafakari hilo. Familia zilibadili uamuzi mkubwa wa maisha kwa sababu ya mchezo wa redio, na wengi wao bila shaka waliusikia mikono ikiwa kwenye sufuria. Ndiyo maana nasema cha kusikiliza nyumbani si jambo dogo la kupuuzwa.

Halafu kuna kazi ambazo sauti izimwe kabisa. Kumwogesha mtoto mdogo. Kukaanga kwa mafuta mengi. Na kujaza maji. Wenzangu wa mgao mnajua, maji yanakuja usiku wa manane, mnafungulia bomba pipa lijae. Pipa tupu linaunguruma kwa sauti nzito, na kadiri linavyojaa sauti inapanda, inakuwa nyembamba. Aliyezoea anajua kwa sikio kwamba imebaki ndoo moja, anainuka kufunga. Mwenye spika za masikioni pande zote mbili anakuja kustuka maji yameshafika barabarani.

Hilo linanileta kwenye spika za masikioni. Tumia sikio moja tu ukiwa nyumbani. Jiko linaita, mtoto anaita, mgeni anapiga hodi getini. Na sauti ipunguzwe. Shirika la Afya Duniani linasema ukiwa kwenye desibeli 80 unaweza kusikiliza hadi saa 40 kwa wiki bila kuharibu usikivu. Ukipanda hadi 90, zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Saa 4 ni usafi wa Jumamosi moja. Ushauri wao ni usivuke asilimia 60 ya sauti ya juu kabisa ya kifaa chako.

La mwisho kwa upande wangu, na ndilo linalonigusa zaidi: anayefanya kazi ndiye ashike redio. Kama nyumbani una dada wa kazi, au mdogo wako ndiye anayefua, mwache yeye achague. Nimeona nyumba ambazo dada anadeki saa nzima huku baba mwenye nyumba amekaa sebuleni na rimoti, anabadilisha vituo kila dakika. Yule binti hana sauti yake hata moja siku nzima. Mnunulieni redio ndogo ya jikoni. Si gharama ya kuwashinda.

Karibuni, kila mtu aseme yake.

Kijana wa Hosteli, UDOM:

Dada, uzi mzuri sana. Shida yetu wanafunzi ni bando. Jumamosi nikifua, nafungua video za muziki, simu naigeuza kifudifudi kwenye ukuta wa karo, nasikiliza sauti tu. Nikimaliza kufua na bando limekwisha. Mnafanyaje wenzangu?

Mkazi wa Nzuguni:

Mdogo wangu, hapo unalipia picha ambayo huitazami. Sauti ya kiwango cha kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, inakula kama megabaiti 58 kwa saa. Video yenye picha safi inaweza kula mara kumi ya hapo au zaidi. Kama lazima utumie video, shusha ubora wa picha hadi 144, sauti haitaharibika sana. Lakini njia bora ni kupakua nyimbo na vipindi mara moja, ukiwa kwenye intaneti ya chuo au bando la usiku, uziweke kwenye memori kadi. DW Kiswahili na BBC Swahili wana vipindi vya kusikiliza muda wowote. Na kama simu yako ina redio ya FM ndani, hiyo haili bando hata kidogo. Chomeka waya wa spika za masikioni, ndio unaokuwa antena, kisha ruhusu sauti itokee kwenye spika ya simu.

Babu wa Mpwapwa:

Wanangu, nimesoma yote kwa furaha. Enzi zetu redio ilikuwa moja kwa nyumba tano. Betri zikichoka tunazianika juani, zinarudisha nguvu kidogo, tunapata taarifa ya habari na salamu za wasikilizaji. Wanawake wakisikia redio imewashwa kwa jirani, wanahamia hapo na nyungo zao, wanachambua mtama pamoja.

Ninachotaka kuongeza: umemtaja Balisidya, vizuri. Usimwache Hukwe Zawose. Mgogo wetu wa kijiji cha Doloma, mpiga zeze na ilimba, ile ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, Mwalimu Nyerere alimsikia akamwita Dar es Salaam, baadaye akawa nguzo ya sanaa pale Bagamoyo mpaka alipofariki Desemba 2003. Dunia nzima ilimsikiliza, rekodi zake zilitolewa hata Uingereza. Ukiwa na kazi ndefu ya mikono, kama kusuka ukindu au kumenya karanga gunia zima, weka ilimba. Haikusukumi. Inakwenda na wewe.

Mkazi wa Nzuguni:

Shikamoo babu. Ahsante sana kwa hili. Nakubali kabisa kuhusu ilimba, na naongeza kwamba mabinti wa ukoo wake, Pendo na Leah Zawose, sasa wanaimba na kupiga ala wenyewe mbele. Zamani wanawake walikuwa nyuma, kuitikia na kucheza. Ila upande wa ngoma mama zetu wa Kigogo hawakuwahi kuwa nyuma: muheme ni ngoma ya wanawake, wanaibana katikati ya mapaja na kuipiga wenyewe. Mimi nikiwa na kazi ya kufagia uwanja mkubwa au kutoa vitu vyote nje nidekie ndani, naweka muheme. Ukifika tamasha la muziki wa Kigogo pale Chamwino utaelewa nasema nini, mwili haukai.

Shabiki wa Jamhuri:

Naona hakuna aliyetaja mpira. Mimi ni kapera, naishi Ilazo, nafanya kazi zangu zote mwenyewe. Dodoma Jiji wakicheza ugenini, napika na kuosha vyombo redio ikiwa imewashwa. Mtangazaji wa mpira wa redio ni fundi. Anakuonyesha mpira uko wapi bila wewe kuutazama. Televisheni inakulazimisha ukae, redio inakuacha uendelee.

Na siku za Bunge, napiga pasi na maswali na majibu. Kikao kinaanza saa 3 asubuhi. Kama niko zamu ya mchana, mashati yananyooka mbunge anauliza barabara, waziri anajibu.

Mkazi wa Nzuguni:

Mkuu, hilo la mpira umenipatia. Mtangazaji anapandisha sauti mpira ukikaribia goli, kwa hiyo hata ukiwa unasuuza sahani hukosi lililo muhimu. Ningeomba tu usiwe umeshika kisu wakati wa penalti.

Kuhusu Bunge, nakuunga mkono kwa moyo wote. Sisi wa Dodoma tunapishana na magari yao barabarani, tunauziana nao mboga Majengo na soko la Job Ndugai, halafu hatujui wamejadili nini. Maswali na majibu yamekatwa vipande vifupi, swali la Kondoa, swali la Newala, swali la Kigoma. Unaweza kutoka kwenda kuanika ukarudi hujapotea. Mwezi Juni bajeti ikisomwa, mimi naihifadhi kazi ya kukunja nguo kwa ajili hiyo, maana ile hotuba ni ndefu na inahusu bei ya sabuni na mafuta niliyonayo mkononi.

Kimya Kwanza:

Mimi nitapinga. Kwa nini kila kazi iwe na sauti? Nafanya kazi ya kupokea simu, watu wananiongelesha masikioni kutwa nzima. Nikirudi nyumbani nataka kusikia ufagio tu. Tunawafundisha hata watoto kwamba kimya ni ugonjwa, mtoto hawezi kuosha kikombe bila kuwashiwa simu.

Mkazi wa Nzuguni:

Ndugu yangu, hoja yako ina uzito na sina haja ya kuivunja. Kama siku yako nzima ni ya kusikiliza, basi kazi ya nyumbani ikupe pumziko la masikio. Ndiyo ile ile ya kuangalia kazi inataka nini, ila wewe umeongeza kuangalia siku ilikuwaje. Hata mimi kufagia uani alfajiri, kile kipindi cha Juni na Julai upepo wa baridi unavuma, siwashi sauti yoyote. Na kwa watoto nakubali zaidi. Mtoto ajue kwanza kuosha kikombe, redio ije baadaye.

Tofauti yetu iko kwa mtu aliye peke yake kutwa. Mama aliyejifungua yuko ndani na kichanga, mzee asiyetoka, binti wa kazi aliyetoka kijijini hana mtu wa kuongea naye mpaka jioni. Kwa hao kimya si pumziko. Sauti ya mtu inayoongea Kiswahili kizuri jikoni ni mwenzi.

Binti wa Chang'ombe:

Jamani mimi ndiye huyo dada wa kazi anayetajwa. Nimefanya nyumba tofauti hapa mjini. Ipo nyumba niliyokatazwa kugusa redio, nikaambiwa umeme unakwenda. Nilikuwa nafua nguo za watu sita kwenye kimya, nawaza nyumbani tu, mpaka machozi. Ninapofanya sasa, mama alinipa simu yake ya zamani yenye memori, akaniambia weka unachopenda. Naweka kwaya asubuhi, taarabu mchana wakati wa kupika, na saa ya kupiga pasi nasikiliza vipindi vya afya na masomo. Mambo mengi kuhusu kifafa cha mimba nimeyajua kwenye pasi, nikampigia dada yangu aliyeko Bahi nikamwambia awahi kliniki kupima presha. Kazi ni ile ile, ila siku haifanani na zamani.

Mkazi wa Nzuguni:

Mdogo wangu, ahsante kwa kuandika. Wenye nyumba wote waliopo hapa wasome hii mara mbili. Redio ndogo haili umeme wa maana. Taa moja ya zamani inakula zaidi. Hakuna sababu ya kumnyima mtu.

Na hicho ulichokifanya kwa dada yako ndicho ninachokitetea tangu mwanzo. Presha inayopanda kwa mjamzito, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, hizo ni dalili za hatari, mtu aende hospitali siku hiyo hiyo. Umezipata ukiwa na pasi mkononi, ukazifikisha Bahi.

Mama Wawili, Kisasa:

Shikamoo dada. Swali langu: nina watoto wa miaka minne na saba, wanazunguka hapo hapo ninapofanya kazi. Nyimbo nyingi za sasa zina maneno ya chumbani, na taarifa za habari kuna mauaji. Nisikilize nini ambacho na wao wakisikia sina wasiwasi?

Mkazi wa Nzuguni:

Marahaba mdogo wangu. Ukiwa nao, redio ni ya nyumba nzima, kwa hiyo wao ndio wapimwe kwanza. Muziki wa zamani wa dansi, kwaya, kaswida, ngoma za asili, hivi havina tatizo na vinawafundisha watoto kusikia ala. Habari weka wakiwa shule, au sikio moja. Vipindi vya simulizi visikilize wewe kwanza, kisha uviwashe wakiwepo.

Ila kwa umri wao kuna kitu kizuri zaidi. Siku ya kumenya karanga wakalishe kwenye mkeka, kila mmoja na bakuli lake, zima kila kitu, uwatolee hadithi mwenyewe. "Paukwa", wanaitikia "pakawa", mikono inaendelea. Yule wa miaka saba mpe naye zamu ya kusimulia. Ukiona bakuli la wa miaka minne halijai, anakula badala ya kumenya, mwache, karanga za Dodoma ni tamu.